Ukitaka kuonyesha video ya sanaa, waandikie hawa kwanza

Kazi yangu ni kupanga maonyesho ya video za sanaa, yaani video ambazo zenyewe ni kazi za sanaa, na kuwafundisha wanafunzi namna ya kuzitazama, kwa hiyo mimi ni mteja wa siku nyingi wa mashirika yanayozisambaza na kuzihifadhi. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini niombe ruhusa, nijaze fomu na kulipa ada, wakati kazi yenyewe naiona mtandaoni bure? Nitalijibu, ila jibu lake limo katika namna mashirika haya yanavyofanya kazi, na wengi hawajawahi kuelezwa.

Kwanza niweke kipimo changu wazi. Msambazaji mzuri ni yule anayehifadhi anachokisambaza, na mhifadhi mzuri ni yule anayekubali kazi itoke ikaonekane. Mkanda wa video usioombwa na mtu kwa miaka 30 unaweza kuoza rafuni bila yeyote kujua. Anayeukodi leo ndiye anayemfanya fundi auguse, aukague, na aamue kama nakala iliyopo inatosha au inabidi kurudi kwenye mkanda wa awali. Nikilipa ada ya kuonyesha, najua kwamba nimechangia na utunzaji.

Mashirika haya si makumbusho, wala si maduka ya sanaa. Msanii anawakabidhi kazi kwa mkataba na kubaki na hakimiliki yake. Wao wanakodisha nakala kwa anayetaka kuonyesha, wanauza nakala za masomo kwa vyuo na maktaba, na fedha inayopatikana wanagawana na msanii. Majumba ya biashara ya sanaa huuza video kwa nakala chache zilizohesabiwa, pengine tatu au tano, ili bei isimame juu. Wasambazaji walikataa njia hiyo tangu mwanzo: video inaweza kunakiliwa, basi na inakiliwe, ionekane darasani asubuhi na makumbusho jioni. Kazi moja inaweza hata kuwa kwa wasambazaji wawili. Semiotics of the Kitchen, video ya msanii Martha Rosler ya mwaka 1975, unaipata kwa msambazaji wa New York na kwa yule wa Chicago, ambao nitawaeleza hapa chini. Mimi naupenda sana msimamo huo, na ndio umenifanya niwe mteja wao.

Nianze na Electronic Arts Intermix ya New York, ambayo sote tunaiita EAI. Ilianzishwa mwaka 1971 na Howard Wise, mtu aliyekuwa na jumba lake la sanaa katika mtaa wa 57. Mwaka 1969 aliweka hapo maonyesho yaliyoitwa TV as a Creative Medium, ya mapema kabisa Marekani kuichukua televisheni yenyewe kuwa chombo cha sanaa. Nam June Paik, mmoja wa wasanii wa kwanza wa video, alikuwemo. Frank Gillette na Ira Schneider walipanga televisheni tisa ukutani, na mgeni aliyeingia aliiona sura yake ikihama kutoka kioo hadi kioo kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Kitu kama hicho humwuzii mtu akatundike sebuleni. Wise akalifunga jumba lake akaanzisha shirika lisilo la faida. Mwaka 1972 wakafungua chumba cha kuhariri ambacho wasanii walikitumia kwa gharama nafuu, na mwaka uliofuata wakaanza kusambaza mikanda. Leo orodha yao ina kazi zaidi ya 4,000.

Kinachonirudisha kwao ni umakini. Ukurasa wa kila kazi unakupa mwaka, urefu kwa dakika na sekunde, kama ni ya rangi au nyeusi na nyeupe, na kama ina sauti. Anayepanga programu ya saa moja na nusu anaijua thamani ya sekunde hizo. Maelezo yameandikwa na watu walioitazama kazi mpaka mwisho, jambo ambalo katika orodha nyingi za filamu halipo. Halafu tangu mwaka 2006 wameweka mwongozo wa bure wa kuonyesha, kununua na kuhifadhi sanaa ya aina hii, umegawanywa kwa video ya kioo kimoja, kazi za kompyuta, na kazi zinazosimikwa chumbani. Wanafunzi wangu wote huusoma. Kuna mambo humo yamepitwa na wakati, kwa mfano yanayohusu DVD, lakini maswali unayotakiwa kumwuliza msanii kabla ya kuigusa kazi yake ni yaleyale.

Kazi moja ya kwenye orodha hiyo inatosha kuonyesha kwa nini uhifadhi hauwezi kuachiwa mtu yeyote mwenye kompyuta. Joan Jonas alitengeneza Vertical Roll mwaka 1972, video nyeusi na nyeupe ya takriban dakika 20. Aliyekua na televisheni za zamani anaikumbuka ile hitilafu: picha haitulii, inakimbia wima, na mstari mweusi unapita kwenye kioo tena na tena mpaka mtu ainuke akazungushe kitufe. Jonas aliitaka hitilafu hiyo. Alicheza mbele ya kamera, picha ikaenda kwenye televisheni iliyoharibiwa mpangilio makusudi, na kamera ya pili ikairekodi televisheni hiyo. Unaiona miguu yake ikiruka kana kwamba inaukwepa mstari unaopita. Unaona mkono, kinyago, kiwiliwili, vyote vikikatwa vipande, huku mlio mkali wa kitu kigumu kikigongwa ukikupiga masikioni bila kupumzika. Karibu na mwisho kichwa chake kinajitokeza kati ya kamera na televisheni, taratibu, na hapo ndipo unatambua kwamba muda wote ulikuwa ukitazama kioo kinachotazamwa na kamera.

Sasa mpe mkanda huo fundi asiyeijua kazi. Ataona picha haijatulia na atasema mashine ina kasoro au mkanda umekufa. Atajaribu kifaa cha kunyoosha mawimbi ya picha, ambacho kwa mikanda ya zamani ni cha lazima, na mstari hautaondoka, maana umo ndani ya picha yenyewe. Pengine ataandika kwenye kadi kwamba nakala haifai. Na kweli mkanda wa mwaka 1972 unaweza kuwa na kasoro zake: vidoa vyeupe pale ambapo unga wa sumaku umebanduka, au picha kupinda kwa juu kwa sababu mkanda umevutika. Kutenganisha hitilafu aliyoitaka msanii na hitilafu iliyoletwa na miaka kunahitaji mtu anayezijua mashine na anayeijua kazi, na wote wawili wakae meza moja. Mashirika haya ndipo pekee ninapowakuta watu hao wamezoea kukaa pamoja.

Video Data Bank (VDB) ya Chicago ina tabia tofauti, na kwa kufundishia naipa nafasi ya kwanza. Ilianzishwa mwaka 1976 ndani ya chuo cha sanaa cha School of the Art Institute of Chicago na Lyn Blumenthal na Kate Horsfield. Hao wawili walikuwa wameshaanza, mwaka 1974, kuzunguka na kamera wakiwahoji wasanii, hasa wanawake, kwa sababu waliona hakuna anayewauliza maswali ya maana. Mahojiano hayo yakawa mkusanyo unaoitwa On Art and Artists, na hadi leo ndiyo hazina yao ambayo siipati kwingine. Mtindo wake ni mgumu kidogo kwa mtazamaji wa sasa: uso umejaa kioo, sauti ya mwulizaji haisikiki sana, hakuna muziki, hakuna kukatakata. Msanii anafikiri mbele yako. Anakaa kimya, anabadilisha sentensi katikati, anarudi nyuma kurekebisha alichosema. Mwanafunzi aliyezoea video za dakika moja anahangaika kwa dakika tano za kwanza, kisha anatulia, na akitulia anasikia mambo ambayo hakuna kitabu kitamwambia. Blumenthal alifariki mwaka 1988 akiwa bado kijana, na Horsfield aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi.

Wana pia mkusanyo uitwao Surveying the First Decade, uliotoka mwaka 1995, wa video za Marekani kati ya 1968 na 1980: kazi 68, zaidi ya saa 16 za kutazama. Ninaupenda kwa sababu haukuwachagua majina makubwa peke yao. Vikundi vya mitaani vilivyobeba kamera za Sony begani kurekodi mikutano na maandamano vimewekwa pamoja na wasanii waliojifungia studio. Ukiutazama wote unaelewa kwamba mwanzoni sanaa na habari za wananchi zilitumia mashine moja na mara nyingi watu walewale. Kama chuo chako kina uwezo wa kununua kitu kimoja tu katika eneo hili, nunua huo. Na kama hakina uwezo kabisa, anzia VDB TV, sehemu ya tovuti yao wanakoweka programu za kutazama bure, zilizopangwa na watu wenye macho, tena kwa ridhaa ya wasanii.

Kuhusu huduma yenyewe ya kukodi, mashirika haya hayatofautiani sana. Unaandika unachotaka, wapi, lini, mara ngapi, kama kuna kiingilio, kama ni projekta au televisheni ya kioo cha zamani. Unapewa nafasi ya kutazama kwanza. Mkikubaliana unatumiwa faili. Hapa ndipo tofauti kati ya shirika la kweli na mtu anayekurushia kiungo inapoonekana. Faili la kweli linakuja na maelekezo: picha ni nne kwa tatu, upana kwa kimo, usiinyooshe ijaze skrini, sauti ni ya mkondo mmoja, itoke spika zote mbili, usiiweke izunguke mfululizo bila ruhusa, jina la msanii liandikwe hivi. Ukumbi mmoja niliofanyia kazi ulikuwa na projekta iliyopanua kila kitu kijae upana wa ukuta, na fundi wao alishikilia kwamba watazamaji hawapendi mistari myeusi pembeni. Nyuso zote zilikuwa zimetanuka. Nilimtolea yale maelekezo ya msambazaji yaliyochapwa, nikamwonyesha kwamba yamo kwenye mkataba uliotiwa saini na ukumbi wake. Picha ilirudi kwenye umbo lake siku ileile. Bila karatasi ile lingebaki neno langu dhidi ya neno lake.

Nije Ulaya. LUX ya London ina historia inayopaswa kumkosesha usingizi kila anayedhani mashirika haya yatakuwepo tu. Mizizi yake ni London Film-Makers' Co-op ya mwaka 1966 na London Video Arts ya mwaka 1976, ambayo msanii wa video David Hall alikuwa mmoja wa waasisi wake. Watu wa filamu na watu wa video, ambao hawakuwa wakielewana sana, hatimaye waliwekwa chini ya paa moja katika Lux Centre, Hoxton Square, mwaka 1997. Jengo zuri, vifaa vizuri. Mwaka 2001 likafungwa kwa sababu ya fedha. Mkusanyo uliokolewa na LUX ya sasa, iliyoanza mwaka 2002 ikiwa ndogo na bila majivuno ya jengo, na sasa iko ndani ya bustani ya Waterlow Park, kaskazini mwa jiji. Kwa wale wanaotaka kuonyesha filamu halisi za milimita 16 pamoja na video, LUX ndio wa kuandikiwa, maana bado wanasambaza zote mbili.

Uholanzi yalitokea yanayofanana. Montevideo, iliyoanzishwa na René Coelho mjini Amsterdam mwaka 1978, ilikua ikaungana na wengine, ikawa taasisi ya kitaifa ya sanaa ya midia. Serikali ikakata ruzuku, na mwisho wa mwaka 2012 taasisi ikafungwa. Waliokuwa wakiifanya kazi ya uhifadhi, Gaby Wijers akiwa mbele, wakaanzisha LIMA mwaka 2013 ili mikanda isibaki yatima. Sasa LIMA inasambaza kazi za wasanii na pia inayatunzia makumbusho mengine mikusanyo yao ya kidijitali. Hili la pili ndilo ninalolisifu zaidi. Makumbusho madogo hayawezi kuajiri fundi wa mikanda na mtaalamu wa seva. Yakichangia shirika moja lenye wote wawili, kila mmoja anapona. Kama ningeulizwa ni mfano upi uigwe na nchi isiyo na kitu bado, ningeutaja huo wa Amsterdam bila kusita.

Niseme kidogo juu ya hiyo mikanda, kwa sababu watu hudhani kuhifadhi ni kupachika mkanda kwenye mashine na kubonyeza kitufe. Mkanda wa video ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na unga huo unashikiliwa na gundi. Gundi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa na kuachia taratibu. Mkanda ulioachia ukiuchezesha unanata, unapiga kelele ya kukwaruza, na unaacha tope la kahawia kwenye vichwa vya mashine, yaani sehemu zinazousoma mkanda. Tope hilo ni picha. Linalobaki kwenye kichwa cha mashine halirudi tena kwenye mkanda. Kwa hiyo fundi hauchezeshi. Anautia kwanza kwenye kabati la joto la wastani, nyuzi 50 hivi za Selsiasi, kwa saa nyingi, unyevu utoke na gundi ishike tena kwa muda. Kisha anaupitisha kwenye mashine ya kuusafisha kwa kitambaa laini, na ndipo anauchezesha na kuurekodi kidijitali kabla haujarudia hali yake. Mara nyingi ni nafasi moja nzuri anayoipata. Akimaliza anatengeneza faili kubwa lisilobanwa au lililobanwa bila kupoteza chochote, analipa namba ya uhakiki ili siku moja ajue kama kuna hata biti moja imebadilika, na analiweka sehemu zaidi ya moja. Kutoka hilo ndipo yanatoka mafaili madogo tunayotumiwa sisi.

Na mashine zinakwisha. Sony ilitoa U-matic, mfumo wa video wa kaseti, mwaka 1971, na mikanda ya aina hiyo imejaa kwenye mikusanyo yote niliyoitaja. Hakuna kiwanda kinachotengeneza mashine zake leo. Mwaka 2016 Sony ilimaliza kutengeneza hata mashine za Betacam, zilizokuwa uti wa mgongo wa studio za televisheni duniani. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walitoa tahadhari kwamba muda wa kuokoa mikanda ya sumaku unayoyoma, na walitaja mwaka 2025 kuwa mpaka. Tumeshaufikia mpaka huo. Wanaoendelea kuchezesha mikanda wanafanya hivyo kwa mashine zilizonyonywa vipuri kutoka mashine nyingine, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Ninapoona shirika limeandika kwenye tovuti kwamba kazi fulani imehamishwa upya kutoka mkanda wa awali, huwa nafurahi kuliko likitangaza msanii mpya.

Vtape ya Toronto, iliyoanzishwa mwaka 1980 na wasanii wenyewe, Lisa Steele na Kim Tomczak wakiwemo, siitumii mara nyingi kama hao wengine, lakini naiheshimu kwa mambo mawili: wanatoa huduma ya kuhamisha mikanda ya zamani kwa watu wa nje, na orodha yao ina kazi nyingi za wasanii wa mataifa ya asili ya Kanada. Kwa kazi zilizozaliwa mtandaoni wa kuwatazama ni Rhizome, walioanza mwaka 1996 na kufungua hifadhi yao, ArtBase, mwaka 1999. Programu ya Flash, iliyokuwa ikichezesha picha zinazosogea kwenye tovuti, ilipozimwa mwisho wa mwaka 2020, maelfu ya kazi zingegeuka kurasa tupu. Rhizome walikuwa wameshajenga njia ya kuzifungua ndani ya kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani, yenye kivinjari cha enzi yake, ili uione kazi kama mtumiaji wa wakati ule alivyoiona.

Sasa lile swali la bure. Tovuti ya UbuWeb, iliyoanzishwa na Kenneth Goldsmith mwaka 1996, iliweka mtandaoni filamu na video nyingi adimu, nyingi bila kumwomba mtu ruhusa. Sitaikashifu. Nimewajua vijana walioijua sanaa hii kwa mlango huo tu, waliokuwa mbali na kila maktaba. Lakini tazama kilichopo: nakala ya nakala, picha ndogo iliyobanwa mpaka uso wa mtu unakuwa vibonge, wakati mwingine mwanzo umekatwa, wakati mwingine kasi ya picha imekosewa wakati wa kugeuza mfumo wa Marekani kwenda wa Ulaya. Kwa kuonja inatosha. Kwa kuonyesha mbele ya watu waliokuja kukaa gizani na kutazama, haitoshi, na msanii hapati chochote. Isitoshe, nakala hiyo ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwenye mkanda wa msambazaji. Msambazaji akifa, chemchemi inakauka.

Yote hayo hayanizuii kusema yanayonikera. La kwanza ni ada. Kwa makumbusho makubwa ni fedha ndogo. Kwa kikundi cha watu kumi wanaokutana chumba cha kuazima ni mlima. Watu wa mashirika haya husikiliza ukiwaeleza hali yako kwa ukweli, na mara nyingi njia hupatikana, lakini nisingependa jambo hili litegemee huruma ya anayejibu barua. Ningetaka kuona ada ya vikundi vidogo imeandikwa wazi. Anayeogopa kuuliza hatauliza, atakwenda kupakua.

La pili ni zito zaidi. Orodha hizi zimeegemea sana Amerika Kaskazini na Ulaya Magharibi. Zinabadilika, naona juhudi, lakini mtu akizitumia peke yake kujifunza historia ya video atatoka akiamini kwamba kamera ya kubeba begani haikuvuka bahari mpaka miaka ya 1990. Iliyovuka ilirekodi mengi, na mikanda yake haikupata Howard Wise wa kuisimamia. Iko kabatini kwa wasanii, kwa wajane wao, kwenye stoo za vituo vya televisheni, mingine imefutwa ili ukanda utumike tena. Hapa ningependa wasambazaji wakubwa wafanye zaidi ya kuongeza majina kwenye orodha. Wapeleke mashine, wapeleke fundi akafundishe, na mikanda ibaki kwa wenyewe.

La tatu, manukuu ya chini. Kazi nyingi zenye maneno zina Kiingereza tu. Nimeshaomba ruhusa ya kuweka manukuu kwa lugha ya watazamaji wangu na nikakubaliwa baada ya msanii kuulizwa, nikakabidhi faili la manukuu ili anayefuata alikute tayari. Sijui kwa nini huu usiwe utaratibu wa kawaida: kila anayetafsiri aache tafsiri yake kwa msambazaji, na itajwe kwenye ukurasa wa kazi.

Mwisho, kama wewe ni msanii au unalo sanduku la mikanda ya mtu aliyekwisha kuondoka, mashirika haya yanakuhusu hata kama hutaki kukodi chochote. Hayapokei kila kitu, na kusambaziwa kazi ni uteuzi, lakini ushauri wao mara nyingi hutolewa bila malipo. Isimamishe mikanda wima, mbali na jua, mbali na spika na kitu chochote chenye sumaku, mahali pakavu ambapo joto halipandi na kushuka. Piga picha lebo zote, za mbele na za ubavuni, hata zilizofutika nusu. Kisha waandikie: aina ya mkanda, kampuni iliyoutengeneza, mwaka kama unajulikana, na nani alirekodi. Usiupachike kwenye mashine kuujaribu mpaka wamejibu.